Kabla ya kumlaumu dereva, itazameni njia

Tarehe 3 Septemba 2023, Max Verstappen na Sergio Pérez walimaliza wa kwanza na wa pili katika mbio za langalanga (Formula 1) kule Monza, Italia, wakiendesha gari la timu ya Red Bull, RB19. Wiki mbili baadaye, Singapore, madereva hao hao na gari hilo hilo hawakufika hata awamu ya mwisho ya kufuzu: mmoja alianza nafasi ya 11, mwenziwe ya 13. Wiki iliyofuata, Suzuka, Japani, Verstappen akashinda kwa zaidi ya sekunde 19. Msimu ule gari hilo lilishinda mbio 21 kati ya 22. Zilizoliponyoka ni hizo za Singapore tu, zilizochukuliwa na Carlos Sainz wa Ferrari.

Hapa Malindi Ferrari ina mashabiki wengi, maana tumeishi na Waitalia miaka na miaka. Lakini mabishano yetu ya langalanga barazani huishia kwenye mambo mawili, dereva na injini. Nasema tunatazama pasipo. Anayetaka kujua kwa nini gari lilipepea Jumapili moja na kukwama Jumapili ya pili aanzie chini ya sakafu yake.

Kanuni za 2022 hadi 2025 ziliipa sakafu kazi kubwa. Hewa iliyopita kwa kasi kwenye mifereji iliyokuwa chini ya gari ilishusha mgandamizo wa hewa pale chini, na gari likavutwa kuelekea lami. Sakafu ikikaa karibu na lami bila kugusa, gari hung'ang'ania kona. Ikiinuliwa milimita chache, nguvu hiyo hupungua. Suzuka lami inaruhusu gari kukaa chini. Singapore ni mitaa ya mji, ina matuta na viungo vya lami. Ukiliacha gari chini, linajigonga. Ukiliinua, umetupa silaha yako kubwa. Na springi ngumu zinazoizuia sakafu isipande na kushuka ndizo zinazofanya tairi kurukaruka kwenye matuta, na tairi iliyo hewani haishiki kitu. Wengine walidai Red Bull ilivunjwa na mwongozo mpya wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, kuhusu mabawa yanayopinda, ulioanza kutumika wikendi ile ile. Suzuka mwongozo ulikuwa bado upo, na ushindi ulirudi.

Anayekaza roho akaliacha gari chini ana hatari nyingine. Chini ya sakafu kuna ubao wa unene wa milimita 10, na ukilika hadi chini ya milimita 9 matokeo yanafutwa. Austin, Marekani, Oktoba mwaka ule ule, Lewis Hamilton alipoteza nafasi ya pili na Charles Leclerc ya sita kwa sababu hiyo. Lami ya Austin ina mawimbi, na wikendi ile ilikuwa na mbio fupi za Jumamosi, kwa hiyo timu zilipata kipindi kimoja tu cha mazoezi kabla ya kufungiwa marekebisho. Hapakuwa na muda wa kupima ubao unalika kwa kasi gani.

Mabawa hulikandamiza gari kwenye lami, lakini pia huongeza ukinzani wa hewa, na hilo lina hesabu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Ndiyo maana Monza, njia ya kilomita 5.793 yenye minyoofu mirefu, timu huja na bawa la nyuma jembamba kuliko la mahali popote. Nahodha naye hapandishi tanga moja kwa kila upepo. Kosa linalotokea mara nyingi ni kupunguza bawa la nyuma na kuliacha la mbele: pua inashika, mkia unateleza. Lazima yote mawili yapunguzwe kwa uwiano. Hata hapo bei inalipwa mwisho wa mnyoofu, kwa sababu gari lenye bawa dogo linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na tairi za nyuma huteleza zikitoka kwenye kona za polepole, zikapata joto na kuisha mapema.

Monaco ni kinyume. Mzunguko ni kilomita 3.337, na kwenye ile kona kali ya hotelini magari hupita kwa chini ya kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo bawa halina msaada mkubwa, lakini kubwa kuliko yote ndilo linalofungwa, kwa kuwa hakuna mnyoofu mrefu wa kuliadhibu. Kazi yenyewe hufanywa na springi laini, gari lililoinuliwa kidogo, na mikono ya usukani iliyotengenezwa upya ili magurudumu yageuke zaidi. Gari refu huteseka pale. Binafsi nimefurahi kwamba kanuni za 2026 zimepunguza urefu wa juu kati ya ekseli kutoka milimita 3,600 hadi 3,400.

Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: timu hufunga bawa la Monaco na bado gari linakimbia kama la Monza, huku breki na injini zikilia joto. Na asiwadanganye mtu kwamba gia hubadilishwa kwa kila uwanja. Tangu 2015 uwiano wa gia nane huchaguliwa kabla ya msimu kuanza.

Mabawa ya 2026, ya mbele na ya nyuma, hulala kwenye mnyoofu na kuinuka kwenye kona, kwa hiyo bawa la Monza halitakuwa tena tofauti sana na la Monaco. Mimi naona ni hasara, maana ule ulikuwa uamuzi mgumu ambao mtazamaji angeweza kuuona kwa macho yake. Matuta hayajaondolewa lakini. Mbio za mitaani zikija, fungueni runinga tangu mazoezi ya Ijumaa mtazame mambo mawili: cheche zinatoka chini ya gari lipi na katika sehemu gani ya njia, na ni dereva gani anayerekebisha usukani mara mbili ndani ya kona moja.