Mtoto akipanda, mkubwa afanye nini?

Mche wa kwanza wa mwanangu ulikufa siku ya tisa. Alikuwa ameung'oa mara tatu kuangalia mizizi imefika wapi, na mara ya mwisho akaurudisha ardhini kichwa chini. Usiku nikatoka na tochi, nikapandikiza mwingine palepale, nikasawazisha udongo kama mwizi anayefuta nyayo. Asubuhi yeye alifurahi, nami nikajiona mjanja. Ilinichukua muda kujiuliza bustani ile ilikuwa ya nani.

Swali hilo ndilo linalowagawa watu wanaowapeleka watoto wadogo bustanini, matembezini na kwenye meza ya gundi na mikasi. Wako wanaosema mtoto aachwe: achimbe, alowe, aharibu, avumbue mwenyewe. Wako wanaosema kumwacha mtoto wa miaka minne na jembe ni uvivu uliovishwa joho la falsafa. Kila upande una hoja nzito kuliko mwenzake anavyotaka kukubali.

Mvutano wenyewe ni wa zamani. Mwalimu wa Kijerumani Friedrich Froebel alianzisha kituo cha watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya "bustani ya watoto". Mbegu ya kile tunachokiita leo chekechea ilipandwa hapo. Jina hilo halikuwa fumbo tupu. Katika mpango wake kila mtoto alikuwa na kitalu chake, na vitalu hivyo vilizungukwa na bustani ya wote. Lakini Froebel huyohuyo ndiye aliyepanga kazi za mikono kwa hatua zisizorukwa: kukunja karatasi, kusuka vipande vyake, kutoboa michoro kwa sindano. Kambi zote mbili zinaweza kumwita babu, na zote zitakuwa zimesema kweli.

Wanaotetea uhuru hupenda kuanza na afya, na hapo wana ushahidi mzuri. Jaribio lililofanyika katika shule za msingi za Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, liliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, asilimia 30.4 walikuwa wamepata tatizo la kutoona vizuri vitu vilivyo mbali, dhidi ya asilimia 39.5 katika shule zilizoendelea kama kawaida. Huko Finland, utafiti wa mwaka 2020 ulihusu vituo vya kulelea watoto ambavyo viwanja vyake vilitandazwa udongo na mimea ya msituni. Ndani ya siku 28 bakteria wa ngozi ya watoto walikuwa wa aina nyingi zaidi, na baadhi ya vipimo vya kinga ya mwili vikabadilika kuelekea kuzuri. Walikuwa watoto 75 tu, kwa hiyo tusiujengee ghorofa utafiti huo, lakini tope limepata wakili.

Hata hivyo, ukiangalia vizuri, tafiti hizo haziwapi watetezi wa uhuru kila wanachodai. Dakika 40 za Guangzhou ziliingizwa kwenye ratiba na watu wazima. Msitu wa Finland haukujitandaza. Mtoto alicheza, ndiyo, ila kuna mkubwa aliyekuwa amekwisha kuhangaika kabla yake.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Bustani ya mtoto hufa au hupona kabla mbegu haijagusa udongo, kwa kuwa mtu fulani ameamua nini kipandwe. Mpe mtoto wa miaka mitatu mbegu ya mwembe, umemwahidi jambo asiloweza kuliwazia. Mpe figili, ambayo huota ndani ya siku chache na kuwa tayari kung'olewa karibu mwezi mmoja baadaye, au maharage yaliyowekwa kwenye pamba yenye maji ndani ya glasi, ambako mzizi huonekana ukishuka bila kuung'oa. (Laiti ningejua mapema, tochi ingebaki kabatini.) Mbegu kubwa hushikika kwa vidole vinene; mbegu ndogo kama vumbi humwagika zote mahali pamoja.

Kisha kuna hatari ambazo hazivumbuliwi salama. Mbegu za mbarika ni nzuri kuchezea, zinang'aa na zina madoa, na zina sumu kali ya risini. Maharage mabichi hayatafunwi. Vimelea vya pepopunda hukaa udongoni, na mahali paka na mbwa wanapojisaidia pana mayai ya minyoo. Haya hayamzuii mtoto kushika udongo. Yanadai chanjo zake ziwe zimekamilika, anawe mikono, na mkubwa ajue kilichoota pale. Anayesema "mwache tu" bila kuijua mimea ya uwanja wake hajampa mtoto uhuru, amembahatishia.

Kuhusu matembezi sina mengi, maana mabishano ni madogo. Tatizo la matembezi ni kwamba mkubwa anakwenda mahali na mtoto amekwisha kufika. Amefika kwa jongoo, hatua kumi kutoka mlangoni. Njia fupi inayorudiwa kila wiki inatosha, kwa sababu mtoto huona mabadiliko kwa kulinganisha: mti uleule sasa umepukutika, dimbwi lilelile limekauka. Kanuni moja inafaa kuwekwa: okota, usichume.

Kazi za mikono za msimu ndizo zinazonitia mashaka zaidi. Unaingia darasani unakuta majani ishirini ya karatasi ukutani, yote rangi moja, yote yamekatwa na mkono mmoja ambao bila shaka si wa mtoto. Au watoto ambao hawajawahi kuona theluji wanakata theluji, kwa kuwa kielelezo kilikuja hivyo. Msimu unakuwa picha ya kalenda, ilhali nje jani halisi linapoteza kijani chake na manjano iliyokuwa imefichwa humo inajitokeza, au mvua ya kwanza imewatoa kumbikumbi.

Kuna jaribio la mwaka 1973 la wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett, nchini Marekani, ambalo kila mwenye kutoa zawadi angelitafakari. Watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa tuzo wakichora. Baadaye, walipoachwa wacheze wanavyotaka, walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Nadhani kielelezo cha ukutani hufanya kazi kama tuzo ile: kinamwambia mtoto kwamba kushika gundi kuna mwisho uliokwisha kuamuliwa na mtu mwingine.

Ila siwezi kumcheka mwalimu mwenye watoto thelathini na mikasi sita. Kwake kielelezo ni ngalawa ya kuvukia saa nzima. Wanaohubiri ubunifu huru mara nyingi wana mtoto mmoja mezani na mtu mwingine wa kufagia. Mzani wangu unaegemea kwenye uhuru, lakini uhuru unaogharamiwa na kazi ya mkubwa kabla ya mtoto kuamka: kuchagua mbegu, kung'oa mmea wenye sumu, kutafuta keni nyepesi ya kumwagilia yenye tundu dogo, kumwaga mezani kilichookotwa njiani badala ya karatasi iliyochapwa. Mtoto akishaanza, mikono nyuma. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na mwalimu wa watoto thelathini hawezi kuifanya bila msaidizi.

Msimu uliofuata tulipanda figili kumi na mbili. Saba zilizama kwa maji, kwa kuwa kumwagilia ndiko alikokupenda kuliko yote. Mbili akazing'oa kuangalia. Siku moja tukamkuta konokono juu ya moja ya zile tatu zilizobaki, anakula jani taratibu. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nimtoe. Mwanangu alichuchumaa, akasema, "Ngoja, hajamaliza." Nikachuchumaa naye.