Somo wa Mama Mkwe

Miaka minne ya seminari iliniachia ugonjwa mmoja: nadhani kila mtu anatamani kusikia Kilatini.

Tulikuwa ukweni, Ng'ambo hapa Tabora, chini ya mwembe, siku ya ubatizo wa binti yangu. Mtoto tulimpa jina la mama mkwe, Klaudia. Mshereheshaji akanikabidhi kipaza sauti: "Baba mtoto, hebu tuambie, jina la huyu somo wa bibi lina maana gani?" Kando ya kiti changu palikuwa na galoni la asali, lita 5, zawadi ya mama kwa mkwe wake.

Nilianza vizuri. Waroma, nikasema, hawakuhangaika kuchagua majina. Binti alipewa jina la ukoo wa baba, likabadilishwa mwisho tu: Claudius ikawa Claudia. Wakizaliwa watatu, wote Claudia, wakatofautishwa kwa Prima, Secunda na Tertia, yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama vyumba vya gesti. Watu wakacheka. Ningeishia hapo, asali ingekuwa yangu.

"Sasa ukoo wenyewe," nikaendelea, "jina lake latokana na claudus, yaani anayechechemea."

Mama mkwe ndiyo kwanza anatoka jikoni na sinia la matobolwa, anachechemea. Goti linamsumbua tangu masika.

Kimya. Nikakimbilia historia, nikaharibu zaidi: "Si aibu, mama! Hata Kaisari Claudius, aliyetawala Roma tangu mwaka 41, alichechemea!" Mke wangu akajifunika khanga usoni. Mtani wetu mmoja, Mzaramo, akadakia kutoka nyuma, "Kumbe mtoto karithishwa jina pamoja na goti!"

Mama akatua sinia. Akainama, akabeba galoni, akarudi nalo ndani. Polepole.

Hapo shangazi Sesilia, mwenye miwani ya vioo vinene, akasogeza kiti mbele. "Na langu je, mwanangu?"

Sesilia latoka ukoo wa Caecilius, na caecus ni kipofu. Nikameza mate. "Huyo ni mtakatifu msimamizi wa wanamuziki, shangazi. Sikukuu yake tarehe 22 Novemba." Neno kwa neno ni kweli. Vigelegele vikapigwa, nikapumua.

Kisha nikamwona katekista mzee pale kona, anatabasamu, mkono juu, anaomba kipaza sauti.