Pesa ya kianzio si sadaka

Jumamosi iliyopita tulikutana hapa Brooklyn Park, mji wa jimbo la Minnesota, Marekani, kuchangia kusafirisha maiti ya mwenzetu. Pilau ilipokwisha, mazungumzo yakahamia kwenye nyumba, kama kawaida yetu. Kaka mmoja ninayemheshimu sana, aliyenunua nyumba yake zamani, akasema mbele ya watu: "Nyinyi wa siku hizi mnapewa nyumba za sadaka. Sisi tulibeba wazee zamu mbili kwa siku mpaka migongo ikakatika." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, kwa sababu ni mkubwa wangu na tulikuwa msibani. Lakini nimelala na neno hilo usiku wa nne leo, na sitaki kulala nalo usiku wa tano.

Mimi ni mmoja wa hao "waliopewa". Oktoba 2024 nilinunua nyumba kwa msaada wa ule mfuko wa wanunuzi wa kizazi cha kwanza, yaani watu ambao wazazi wao hawakumiliki nyumba, ambao bunge la Minnesota liliutengea dola milioni 100 mwaka 2023. Unasaidia pesa ya kianzio, ile unayotoa mwanzo ndipo benki ikukopeshe iliyobaki. Niliponunua, ulipata asilimia 10 ya bei ya nyumba, kikomo dola 32,000. Hakuna riba wala malipo ya kila mwezi, na kila mwaka unaokaa humo asilimia 20 ya deni inafutwa. Ukiuza mapema, unarudisha kilichobaki. Nyumba yangu ilikuwa dola 285,000. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilikuwa na dola 7,000 baada ya miaka mitano ya kuweka, na kila mwezi kuna karo ya mtu nyumbani, kuna dawa za mama, kuna ujumbe wa usiku wa manane unaoanza na "samahani kwa kukusumbua".

Na mkopo wenyewe, ule mkubwa, ninaulipa kila tarehe mosi kama jirani yangu yeyote. Hakuna anayenilipia.

Sasa nisikilizeni. Kazini nina mwenzangu, Mmarekani mweupe, tunalipwa sawa kwa saa, tunageuza wagonjwa walewale. Alinunua nyumba mwaka mmoja kabla yangu. Baba yake alimpa dola 40,000. Benki ilitaka karatasi moja tu, inaitwa barua ya zawadi: baba anajaza jina lake, kiasi, uhusiano wake na mnunuzi, anasaini kwamba pesa hizo ni zawadi na hazirudishwi. Basi. Fomu iko tayari, ina nafasi za kujaza. Fikirini hapo. Wazazi kuwanunulia watoto wao mlango wa kuingilia ni jambo la kawaida kiasi kwamba benki zina fomu yake. Na katika miaka yote niliyoishi hapa sijamsikia mtu akiiita sadaka.

Mimi nilipokea zamu yangu ya chama, dola 4,800. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja dola 400 kwa mwezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukimbia. Mkopeshaji akaiona hiyo pesa kwenye akaunti akaniuliza imetoka wapi. Nikaandika barua. Akasema haitoshi. Nikaandika ya pili, nikaambatanisha picha za daftari la mweka hazina wetu, lile la kurasa za mistari lenye doa la chai. Ya tatu tuliandikiana hadi saa sita za usiku. Zawadi ya baba, karatasi moja. Jasho la wanawake kumi na wawili, barua tatu.

Huo ndio ukuta ambao mfuko huu umetoboa. Haumchukulii mtu kitu. Unasimama pale ambapo kwa wengine husimama baba.

Na baba wa mwenzangu alizipata wapi hizo dola 40,000? Alirithi nyumba ya wazazi wake Minneapolis, akaiuza. Katika mji huohuo, kuanzia mwaka 1910, hati za nyumba ziliandikwa kwa wino kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asipangishwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamezipekua hati hizo na kuziweka kwenye ramani, mtaa kwa mtaa, mtu yeyote anaweza kutazama. Sheria ya kukataza ubaguzi huo nchi nzima ilikuja 1968. Hadi leo katika jimbo hili, kati ya familia kumi za weupe zaidi ya saba zinaishi kwenye nyumba zao wenyewe. Kwa weusi ni kama tatu. Najua mtaniambia mimi ni mgeni, hayo ya 1910 hayanihusu. Ni kweli, Wamarekani weusi ndio wenye dai la kwanza, na mlango huu nimeukuta wameshaupigania. Lakini fomu ya mfuko haikuniuliza rangi. Iliniuliza wazazi.

Swali hilo lilinishinda kwa dakika nzima: je, mzazi wako amewahi kumiliki nyumba?

Baba yangu alijenga nyumba Majengo, Mombasa. Vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Kuta zake nilizijua kwa kiganja. Lakini watu wa Mombasa mnaelewa ninachotaka kusema: nyumba bila ardhi. Kuta zako, udongo wa mtu. Kila mwezi baba alivaa kanzu yake safi akapeleka kodi ya kiwanja, akarudi na risiti, akaitia kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Siku mwenye ardhi alipouza, tulipewa miezi mitatu. Baba alivunja mwenyewe, akabeba mabati na milango. Nakumbuka alizungusha kila msumari taratibu ili usipinde. Benki gani ingempa mkopo kwa nyumba ya namna ile? Angeniachia nini?

Mshauri aliyekuwa akinisaidia kujaza aliuliza, "Jina lake lilikuwa kwenye hati?" Nikasema hakukuwa na hati. Akaweka alama kwenye "hapana". Nililia kwenye gari.

Haya, kasoro zipo, nakubali ingawa sipendi. Ukimwaga pesa kwenye soko lenye nyumba chache, bei zinaweza kupanda; bila kujenga nyumba mpya hatufiki mbali. Na pesa hizi zinaisha haraka. California mwaka 2023 walifungua mpango wao wa kusaidia pesa ya kianzio, Dream For All, na dola milioni 300, zikamalizika kwa siku 11. Waliowahi ni waliokuwa na mkopeshaji na karatasi zao mkononi tayari, yaani walewale wasiohitaji sana. Mwaka 2024 wakaweka bahati nasibu, na wakadai angalau mnunuzi mmoja awe wa kizazi cha kwanza. Afadhali hivyo. Mtu anayemaliza zamu saa moja asubuhi asishindanishwe mbio na mwenye wakala wa nyumba. Tena hakuna anayekuandaa kwa gharama za baada ya kununua, kama tanuri la kupasha nyumba joto kuharibika kwenye baridi ya Januari.

Kaka yangu, mgongo wako ulikatika, nao wangu umekatika. Nasema hivi kwa heshima: ulipita bila msaada kwa sababu ulinyimwa, na hilo linanikasirisha kwa niaba yako. Lisiwe ndilo unalotaka wadogo zako wapitie.

Siku niliyopewa funguo nilimpigia mama kwa video. Nikamwonyesha jiko, ngazi, chumba cha chini, dirisha la nyuma na theluji ya kwanza ikianguka. Alitazama kimya. Halafu akauliza, "Na kiwanja je, mwanangu? Ni cha nani?"

Nikamwambia ni changu. Akaniambia nilete karatasi karibu na simu, nimsomee jina.