Same sio jangwa jamani
Kuna mwandishi kaandika kwamba tambarare za chini ya milima ya Upare huku Same, Kilimanjaro, ni ardhi tupu, ipandwe miti ya kigeni inayokua haraka. Hapana jamani! Upepo wa bahari mvua yake inaishia juu Usambara na Pare, huku chini tunapata kidogo, ndo maana mgunga una vijani vidogo na mbuyu unaweka maji kwenye shina, kiangazi pori unaona kama limekufa ila zikinyesha mvua mbili tatu za vuli linachipua lote na mbuzi wanashiba. Kenya walipeleka mathenge, mti wa kigeni unaokua haraka, huko Baringo miaka ya 1980, leo imemeza malisho na maganda yake yanaozesha meno ya mbuzi. Bora tutenge maeneo yapumzike kama alalili za Wamasai, yaani malisho yanayofungwa kwa muda, nyasi zirudi zenyewe.