Mamba Muntu hana picha ya kwanza

Rafiki yangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto watatu na deni la pikipiki, alikesha akiitukana filamu ya watoto, hadithi ya zamani iliyotengenezwa upya. Hakuwa ameiona. Aliona tangazo lake kwenye simu, akasoma maoni ya watu wa Ufaransa na Marekani, akaongeza la kwake: wametuharibia utoto wetu. Asubuhi nilimkuta pale tunaponunua mkate, macho mekundu, hasira haijamtoka.

Utoto wake naujua, tulikulia lupango moja, yaani kiwanja kimoja, huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Kama uliharibika, uliharibiwa na mshahara wa baba yake uliokuwa ukikawia miezi na miezi, na shule iliyokuwa ikifungwa kwa sababu walimu hawajalipwa. Hakuna mchoraji wa California aliyeugusa. Kinachomuuma ni kingine. Yule simba wa 1994, wa The Lion King, tulimwona kwenye kaseti iliyochakaa, kwa jirani mwenye televisheni, watoto ishirini tumebanana dirishani. Sasa anataka simba abaki vilevile, na dirisha libaki vilevile, na yeye mwenyewe abaki na miaka tisa.

Mimi ndiye baba mudogo mwenye kompyuta, kwa hiyo Jumapili jioni sinema ya ukoo ni mimi. Naenda kwa kijana anayejaza filamu kwenye flash, narudi. Karan, yaani umeme, ikiwepo tunaangalia kwa karan, isipokuwepo tunaangalia mpaka betri ife. Nimeona desen anime, filamu za katuni, na marudio yake mengi kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa kukiri. Kwa hiyo naweza kusema bila aibu: nyingi kati ya filamu hizi mnazozitukana ni nzuri, na zile mbaya, ubaya wake si huo mnaousema.

Tuanze na simba mwenyewe. Wanaolalamika kwamba ile ya 2019, ya Jon Favreau, ni nakala tu, wanaitetea ya 1994 kana kwamba ilishuka na mvua. Ile ya 1994 imebebwa mgongoni na Hamlet: mfalme anauawa na ndugu yake, mtoto anaishi mbali na kiti cha baba, mzimu wa baba unamrudia. Na Shakespeare naye alikuta mwana mfalme Amleth amekwisha kuandikwa na Saxo Grammaticus wa Denmark karne nne nyuma. Majina wakaja kuyachota kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, ambalo ukilifikiria ni tusi dogo, na yule fisi Shenzi, ambalo si dogo. Wakachota na hakuna matata, na nchi yetu ya Kongo baadaye, kuanzia 2012 hadi 2016, ikawa na waziri mkuu anayeitwa Matata. Vichekesho vya miaka ile nawaachia mvifikirie. Lakini sijasikia Mlushois, mtu wa Lubumbashi, hata mmoja akidai kwamba Wamarekani wameuharibu utoto wa Kiswahili.

Ubaya wa ile ya 2019 upo, na aliyeugundua ni mtoto wa kaka yangu, wakati huo ana miaka sita. Mufasa ameanguka, mwana simba yuko pembeni ya maiti, anaita. Mtoto akanivuta shati.

"Baba mudogo, huyu simba juu ya nini haiko analia?"

Nikaangalia vizuri. Kweli. Sauti inalia, uso haulii. Kompyuta imetengeneza manyoya unywele kwa unywele, na vumbi juu ya manyoya, lakini uso wa simba wa porini hauonyeshi huzuni kama wetu, na wao waliamua kumfuata simba wa porini. Mchoraji wa 1994 alikuwa na ruhusa ya kudanganya, alimpa mwana simba nyusi. Huo ndio ukosoaji. Umetoka kwa mtu aliyekaa chini akaangalia mpaka ikamuuma kwamba haimuumi. Ilipokuja ile ya Desemba 2024, Mufasa, ya Barry Jenkins, tuliiangalia naye tena, sasa ni msichana wa miaka kumi. Nyuso zilikuwa zimelegea kidogo. Hakusema kitu, aliendelea kula karanga, nami nikajua imepita.

Kelele kubwa kuliko zote lakini zilikuwa za nguva. Septemba 2022 lilipotoka tangazo la filamu mpya ya The Little Mermaid, na nguva ni Halle Bailey, msichana mweusi, dunia ya simu iliwaka moto. Nguva hawezi kuwa mweusi, waliandika. Watu wengine wakaleta mpaka sayansi ya bahari, eti kina cha maji na jua na rangi ya ngozi, kwa kiumbe mwenye mkia wa samaki anayeongea na kaa.

Siku ile nilikuwa kwa baba yangu. Niliinua macho ukutani, akanitazama Mamba Muntu.

Wenyeji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawahitaji maelezo. Miaka ya 1970 ilikuwa vigumu kuingia saluni, yaani sebule, ya mfanyakazi wa migodi usimkute: amechorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga, nusu mwanamke, nusu samaki, nywele zimemwagika mabegani, nyoka pembeni, saa mkononi. Wa baba yangu saa yake inaonyesha saa nne na dakika kumi, na mchoraji alisahau mshale mmoja mdogo kisha akauongeza kwa rangi nyingine. Ukiokota unywele wake au kitu chake, atakujia ndotoni kukidai. Mnapatana. Yeye anakupa mali, wewe unafunga mdomo na humjui mwanamke mwingine. Na rangi yake, huyu Mamba Muntu wetu, ni mweupe pe. Miaka hamsini ametundikwa kwenye nyumba za watu weusi na hakuna aliyekwenda mitaani kulalamika.

Swali langu kwa rafiki yangu wa mkate lilikuwa hili: picha ya kwanza ya Mamba Muntu iko wapi? Hajui. Hakuna anayejua, na hakuna aliyewahi kuitafuta ili ailinganishe na ya kwake. Wachoraji walimchora upya kwa kila mteja, huyu akibadilisha magamba, yule akiongeza mkufu, mwingine akimtoa ziwani na kumweka mtoni. Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi hii katika picha karibu mia moja, naye alichora Colonie belge, picha ya enzi ya Wabelgiji, tena na tena, na Lumumba tena na tena, kwa sababu watu walitaka na yeye alitaka kula. Kila mnunuzi alirudi nyumbani na picha yake, si nakala ya picha ya jirani.

Mtasema studio zinarudia hadithi kwa ajili ya pesa. Ndiyo. Na mchoraji wa Katuba alikuwa akirudia kwa ajili ya nini? Tofauti ipo, nakubali, wala si ndogo: pesa ya Mamba Muntu ilibaki mjini, ikanunua unga sokoni. Pesa ya nguva wa Marekani haifiki hapa, labda ile ya kijana wa flash, na hiyo nayo tusiichunguze sana.

Tena kama mnachodai ni uaminifu kwa hadithi ya mwanzo, mtuhumiwa wa kwanza ni ile filamu ya 1989 mnayoiabudu. Andersen, Mdenmark aliyeitunga hadithi hiyo, mwaka 1837 alimnyima nguva wake mume na kumfanya povu la bahari. Disney wakampa harusi. Ni badiliko kubwa kuliko rangi ya ngozi, lakini kwa kuwa mlilikuta limeshafanyika, mkaliita asili.

Lawama nyingine ni kwamba desen anime za siku hizi hazina adui. Zamani kulikuwa na mchawi, mnajua wa kumchukia. Siku hizi ni familia zinazolia na kukumbatiana. Nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka jioni tuliyoiangalia Encanto, ile ya 2021, ya nyumba ya maajabu huko Kolombia. Jirani yetu mama mmoja wa Kikasai alikuwa amekuja kuomba moto wa mbabula. Akasimama mlangoni na sahani ya makaa, akitaka kuondoka. Basi ikafika pale bibi wa familia ile anapokumbuka usiku waliokimbia, na vifurushi vyao, watoto mikononi, mto mbele, na mume wake akageuka nyuma kuwakabili waliokuwa wakiwafukuza, asirudi tena.

Wasiojua Katanga, mkoa wetu huu, ya 1992 na 1993 wamuulize mtu. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwenye nyumba zao, wakangoja garimoshi kwenye vituo majuma na majuma, na wengi hawakufika. Yule mama alisimama mpaka makaa yakawa majivu. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wao kituo chao kilikuwa Likasi. Tumekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne, na hilo sikuwahi kulisikia. Mwanangu akamuuliza kama na yeye alikuwa na mshumaa wa maajabu kama bibi wa kwenye filamu. Akamjibu walikuwa na kibatari, kikaibiwa. Watoto wakacheka, naye akacheka, akaketi.

Sasa mniambie kwamba filamu ile ilihitaji mchawi.

Zipo zilizonichosha, sifichi. Pinokio wa Disney wa 2022 nililala kabla hajafika tumboni mwa yule mnyama wa bahari. Lakini mwaka uleule Guillermo del Toro alitoa Pinokio wake, wa vikaragosi vinavyosogezwa kwa mkono picha baada ya picha, akapata Oscar. Kitabu kimoja cha Mwitaliano wa karne ya kumi na tisa, mwaka mmoja, marudio mawili, moja usingizi na moja machozi. Neno "marudio" halikueleza chochote.

Na wanaosema ubunifu umekufa, sijui wanaangalia wapi. Flow imetoka Latvia, nchi ndogo ambayo sikuwahi kuwaza habari zake, imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo hata mimi naweza kuipakua bure, na mwaka 2025 ikachukua Oscar. Ndani yake hakuna mtu wala neno moja la mtu. Paka, mbwa, ndege na wenzao wamo kwenye mashua, maji yanapanda, basi. Siku zote Kambo yetu, mzee wa ukoo, ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour, hukaa pembeni na kuuliza "wanasema nini?" mpaka watoto wanachoka kumtafsiria. Siku ya Flow hakuuliza. Alisogeza kiti. Yule ndege mrefu wa miguu mirefu alimtambua kabla ya wote, akasema huyu huwaua nyoka kwa mateke, na kwamba kule kwao porini alikuwa akimwona akitembea kama mwalimu mkuu. Watoto wakamwangalia kama kwamba yeye ndiye aliyetengeneza filamu.

Kambo huyuhuyu ndiye aliyetusimulia Kabundi na Kabuluku, wanyama wa ngano zetu. Nilizisikia hadithi zake mara mia, na katika mia hizo Kabundi aliponea mtini, aliponea shimoni, mara moja hakupona kabisa kwa kuwa Kambo alikuwa amekasirishwa na mtu mchana. Tukisema "Kambo, jana haikuwa hivyo," anajibu: jana ilikuwa jana. Ndiyo maana nampenda Jean-Michel Kibushi, Mkongo mwenzetu, ambaye mwaka 1991 alichukua ngano ya Batetela ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, akaifanya filamu ya kuchora na kukata. Mzee yeyote wa Sankuru, kwao Batetela, angeweza kusimama na kusema haiko hivyo. Wengine pengine walisema.

Agosti iliyopita walikuja watoto wa dada yangu kutoka Kitwe, Zambia, wakapita mpaka wa Kasumbalesa na mabegi na Kiingereza chao. Hao wana bahati, mwaka 2023 waliona kwenye Netflix wasichana mashujaa wa Lusaka waliobuniwa na Mzambia, Malenga Mulendema, na wanalikumbusha hilo kila saa. Jumapili ya kwanza tukaweka filamu ya yule msichana wa visiwani anayevuka bahari. Vita vikaanza kabla ya wimbo wa kwanza. Wa kwetu, waliokua na toleo la Kifaransa, wanamjua kama Vaiana. Wa Kitwe wakasema nani huyo, huyu ni Moana. Wakavutana mpaka mmoja akatupa kandambili. Mdogo wa wote, ambaye alikuwa hajasema kitu, akauliza kama Moana si mwana tu, mwana wa mtu. Kambo akasema ndiyo, ni mwana. Wakakubaliana kumwita Mwana hadi mwisho wa filamu, isipokuwa yule aliyetupa kandambili.

Ile ya waigizaji wa damu na nyama imepangwa kutoka Julai 2026. Matusi yameshaanza, rafiki yangu wa mkate amenitumia matatu. Wa Kitwe wamesema watarudi Agosti, nami nimeshamwambia kijana wa flash aniwekee, na aweke kwa lugha zote mbili.