Siku Muzungu Alizaa

Mpaka leo nikishuka soko ya Kadutu hapa Bukavu kuna watu wa upande wa Walungu wananikamata mkono, "eh laboranti, ile ya dokta kuzaa, ilikuwaka kweli?" Basi acha niandike yote mara moja nipumzike, manake kila mtu ana hadithi yake na zote ni za uongo isipokuwa yangu.

Nilikuwa kwenye labo ya lopitali moja ya wamisioni kule juu, barabara ya Walungu ukitoka Bukavu, jina siweki. Dokta wetu alikuwa Mswidi, mrefu kama nguzo ya umeme, mtu wa maombi, na kazi yake haikuwa na mipaka. Mjini daktari anaweza kusema mimi ni wa macho, huyu ni wa mifupa. Kule we ni wa vyote, asubuhi unapiga turu ya wagonjwa, mchana unapasua ngiri, jioni grupu, ile mashini ya umeme, ikigoma wanakuita wewe, pompi ya maji ikikauka wewe, pastori akiumwa jino wewe pia.

Usiku ule mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikizani. Mama mmoja kazaa, katoto ka kike, kilo mbili hazikutimia, halafu damu ikaanza kutoka na haikatiki. Watu wa kazi hii wanajua, mama aliyezaa akianza kutoka damu hivyo saa zako ni za kuhesabu. Wakampiga sindano ya ositosini ya kukaza kizazi, wakakikanda, damu ikasimama, ila ile iliyotoka imeshatoka, ukivuta jicho lake chini ni jeupe kabisa. Nikapima: grupu O positif, hemoglobini, yaani nguvu ya damu, 4 tu, chini sana. Damu ya benki iko Bukavu mjini, na kwa matope ya usiku ule gari ingelala njiani Mugogo.

Tukaita familia. Hapo njo utajua watu wanavyopendana bwana. Shemeji akasema ana malaria. Mjomba akasema katoka kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, damu yake italewesha mgonjwa. Kaka mkubwa aliuliza kwanza inatoka ngapi, nikamwambia mililita 450, akaomba nafasi aende kukojoa, na mpaka leo anakojoa.

Dokta akakunja mkono wa shati. "Mimi ni O negatif. Vuta."

O negatif unaweza kumpa karibu mtu yeyote, na kwetu ni adimu, wazungu njo wanayo zaidi. Hata hivyo nilimpima yote, sida yaani ukimwi, hepatiti, kaswende, sheria ni sheria hata kwa mtu wa Mungu, kisha nikachanganya tone lake na seramu ya mama nikaona wanaelewana, nikavuta. Nikamwambia vizuri kabisa, kwa heshima, Dokta ukimaliza unalala kidogo, unakunywa kitu cha sukari. Akajibu ndiyo ndiyo, ile ndiyo ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi na hasikii. Pochi ilipojaa tu akainuka, akaibeba mwenyewe kama mtu wa kazi, akaelekea maternite. Kidogo nikasikia kishindo, nikafikiri ni paa.

Ilikuwa dokta, mlangoni, urefu wote. Pochi alikuwa ameishika juu, haikugusa chini, hapo nampa heshima yake.

Tulimbeba watu wanne. Kitanda kilichobaki wazi kilikuwa kimoja, kando ya mama yule yule, na miguu yake ikatokeza nje mpaka magotini. Blanketi zilikuwa zimeisha na baridi ya Walungu usiku haina huruma, basi mama mkwe wa mgonjwa akatoa kitenge chake, kile cha maua, tukamfunika mpaka shingoni.

Sasa kabaki katoto. Kuveze, ile mashini ya kupasha mtoto joto, hatuna, na hata tungekuwa nayo grupu ilikuwa inazimwa usiku. Tulikuwa tunatumia ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá kule Kolombia mwaka 1978, kuveze za huko nazo zilikuwa hazitoshi: mtoto uchi kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, joto la mtu linafanya kazi ya mashini. Dokta mwenyewe njo alimfundisha mama muzalishaji wetu, tena kila wiki anarudia, hata baba anaweza kubeba, hata baba! Mama mwenyewe anatetemeka, mkono huu serumu ya maji, mkono ule damu, hawezi kitu. Mama muzalishaji akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona kifua kikubwa kimelala bure. Akafungua vifungo vya shati, akalaza mtoto, akafunga na kitenge. Dokta akafungua jicho moja, akasema "vizuri sana, mama," akalala tena.

Asubuhi wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja wa kwaya na termosi yake ya chai. Alichoona ni hiki: muzungu kwenye kitanda cha maternite, sura imepauka kuliko siku zote, kitenge cha maua mpaka shingoni, na kichwa kidogo cheusi kwa nywele kinachungulia chini ya kidevu. Hakuuliza mtu. Termosi aliiacha chini, akatoka mbio.

Lile jua halijapanda milima vizuri, bamama wameshapanga foleni. Uji wa mtama, mzigo wa kuni, kuku amefungwa miguu, maharagi, sabuni. Na usidhani wote walikuwa wameamini, wengine walikuja kuona tu, lakini mtu haingii kwa mzazi mikono mitupu. Mlinzi wa geti alijaribu kusema mwanaume hazai, mama mmoja akamnyamazisha pale pale: "Bazungu balitengeneza ndege inaruka na batu ndani, hii njo itabashinda?" Mlinzi akafikiri, akafungua geti.

Mimi nilikuwa labo nasoma malaria kwenye mikroskopu, nikasikia mlio ambao sijawahi kusikia kutoka kwa mmisioni.

Kumbe kuna mama mzee, mkandaji wa wazazi anayejulikana kijiji kizima, alifika na beseni ya maji ya moto. Hakusalimia mtu, kazi ni kazi, akasogeza mtoto kando kidogo, akafunua kitenge, akabandika tambara la moto juu ya tumbo la dokta na kukandamiza kwa uzito wake wote. Dokta akaruka. Alichosema kilikuwa Kiswidi na nafikiri ni bora kilikuwa Kiswidi.

"Vumilia mwanangu," mama mzee akamwambia, "ya kwanza njo inaumaka."

"Mama, mimi sikuzaa! Nilitoa damu tu!"

"Damu inatokaka, baba. Ni kawaida."

Nilitoka nje kucheka, nikarudi, nikatoka tena.

Habari haikuishia hapo. Mume wa yule mama alikuwa Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, na habari ilipomfikia ilikuwa imeshageuka njiani. Huko haikuwa tena muzungu amezaa, ilikuwa bibi yako amezaa muzungu. Ndugu zangu, yule papa alipanda pikipiki na barabara ile yote, akafika matope mpaka kifuani, hakusema jambo kwa mtu, akaenda moja kwa moja kufunua mtoto. Na unajua watoto wetu wakizaliwa, siku za kwanza ngozi inakuwa nyeupe kabisa. Papa akakaa chini kwenye sakafu ya simenti.

Mama yake mzazi akamwita jina ambalo sitaandika. "Angalia masikio!" Papa akawasha tochi ya simu, akakagua sikio la kulia, akageuza mtoto, akakagua la kushoto, halafu kucha moja moja. Huko rangi haidanganyi. Akainuka akampa dokta mkono, akaulizia kwa sauti ndogo kama kuna uji umebaki.

Familia ikafanya kikao kwenye baraza. Mtu aliyetoa damu kwa mama na kubeba mtoto kifuani hawezi kubaki mgeni, wakaamua ni mujomba, na siku binti akiolewa mbuzi mmoja wa mahari ni wake. Kaka mkubwa, yule wa kukojoa, alipinga kidogo kuhusu mbuzi. Hakuna aliyemsikiliza.

Mama alipona, akala sombe, akaenda nyumbani. Mi nikadhani imeisha. Nilikuwa nimesahau mama muzalishaji ni mtu wa utaratibu: kitanda cha maternite kikilaliwa, kinaandikwa kwenye rejista. Na hakuandika uongo hata kidogo. Jina la dokta, miaka 46, sababu ya kulala: kupoteza damu. Kolone ya mtoto: yuko kifuani, kilo 1,9.

Mwisho wa mwezi rapori ikapanda juu. Baada ya muda supervizeri akateremka na pikipiki, uso umekazwa, anataka kuona mzazi wa miaka 46 ambaye hakuja CPN, kliniki ya mimba, hata moja, akapoteza damu, na hajarudi kwa kontrole ya wiki sita. Mama muzalishaji akanyoosha kidole: "Njo ye huyu anatoka sale dopere, kule kwa kupasua."

Supervizeri alimwangalia dokta kuanzia buti, akapanda pole pole mpaka kofia. Lakini fomu ni fomu, haifungwi bila kontrole. Dokta alikuwa amechoka hata kubisha, akakaa kwenye benchi katikati ya bamama, akapimwa kilo, akapimwa tansio ya damu, akapewa vidonge vya chuma. Hivyo alivipokea, damu ilikuwa imetoka kweli. Vitamini A ya wazazi akarudisha.

Ikabaki swali la mwisho, supervizeri kalamu mkononi: kuanzia sasa atatumia njia gani ya uzazi wa mpango?

Dokta akageuka akanitazama mimi pale kwenye mlango wa labo.

"Andika nitakaa mbali na huyu laboranti."