Lebanon bado inaishi kwa mgawo wa madhehebu

Desemba 6, 1975, watu wa Beirut waliuawa kwa sababu ya kitambulisho. Wanamgambo wa Kikristo walifunga barabara, wakasimamisha magari na kudai vitambulisho, na wakati ule kitambulisho cha Mlebanoni kilitaja dhehebu lake. Aliyekutwa ni Mwislamu aliteremshwa na kuuawa. Upande wa pili nao ukaweka vizuizi vyake. Walebanoni wanaiita siku hiyo Jumamosi Nyeusi.

Vitambulisho vya leo havitaji dhehebu. Siasa bado inalitaja. Kwa desturi iliyoanza 1943, Rais huwa Mkristo wa Kimaroni, Waziri Mkuu Msuni na Spika Mshia. Viti 128 vya Bunge vimegawanywa nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu, kisha kila nusu ikagawanywa tena kwa madhehebu, na nchi inatambua madhehebu 18.

Wanaoutetea mgawo huu wana hoja nzito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 15 viliua watu wapatao 150,000, na Mkataba wa Taif wa 1989 ulisaidia kuvimaliza kwa kuwa kila upande ulihakikishiwa nafasi yake. Kabla yake Wakristo walikuwa na viti sita kwa kila vitano vya Waislamu, Taif ikasawazisha. Ukiuondoa mgawo ghafla, wanasema, jumuiya kubwa zitazimeza ndogo. Sensa ya mwisho ilifanyika 1932, na tangu hapo wanasiasa wanaogopa kuwahesabu watu kwa dini zao. Mdruze wa milima ya Chouf, mtu wa jumuiya ndogo, ana kila sababu ya kuuliza nani atamlinda siku zitakapobaki kura za wengi peke yake.

Silipuuzi swali lake. Ila nikiangalia mgawo huu unavyofanya kazi, naona umemlinda zaidi kiongozi wa dhehebu kuliko Mdruze huyo. Nabih Berri ni Spika tangu 1992. Nchi ilikaa bila Rais kuanzia Oktoba 2022 hadi Januari 2025, huku uchumi ukiwa umeporomoka na akiba za watu zimezuiliwa benki. Agosti 4, 2020, bandari ya Beirut ililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Jaji alipowaita wakubwa wahojiwe, uchunguzi ukakwamishwa miaka. Vijana waliojaa barabarani Oktoba 2019 walikuwa wameshaliona hili. Kaulimbiu yao ilikuwa “wote maana yake wote”, na kila kijana alimhesabu humo hata mkubwa wa dhehebu lake mwenyewe.

Suala la silaha linaumiza zaidi. Taif iliamuru wanamgambo wavunjwe, lakini Hizbullah, chama cha Kishia chenye wapiganaji, ikabaki na silaha kwa hoja ya kupambana na Israel iliyokuwa ikikalia kusini. Israel iliondoka mwaka 2000, silaha zikabaki. Agosti 2025 baraza la mawaziri lilipolikabidhi jeshi kazi ya kupanga namna silaha zote zitakavyokuwa mikononi mwa dola, mawaziri wa Kishia walitoka kikaoni. Swali la nani mwenye haki ya kubeba bunduki likageuka ugomvi wa Washia na wengine. Na Mshia wa kusini, ambaye kijiji chake kilibomolewa kwa mabomu ya Israel mwaka 2024, naye anauliza kama jeshi la taifa litaweza kumlinda. Asipojibiwa, hata uamuzi wa haki atauona ni kisasi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba katiba yenyewe, baada ya Taif, iliweka njia ya kutoka: Bunge lichaguliwe bila kujali dhehebu, na liundwe Baraza la Seneti ambamo jumuiya zote zitawakilishwa kwa masuala makubwa ya taifa. Mdruze wa Chouf angepata kinga yake humo, na mbunge angepigiwa kura kama mbunge tu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila kitu kifutwe kesho, wala na wanaosema nchi haina mahali pa kuanzia. Seneti itangulie, ianze kazi, watu waizoee. Ndipo viti vya Bunge vifunguliwe. Ibara ya 95 inataka kamati ya kitaifa ya kupanga hatua hizo, ikiongozwa na Rais. Rais sasa yupo. Aiitishe.